Wasifu Niliousoma Kishapu

Minza,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia kwa sababu katika miaka yote niliyokujua hukuwahi kuniacha nitangulie kusema neno. Hata ulipokuwa umelala kule hospitalini Mwanza, midomo imekauka na mkono umefungwa mpira wa dawa, ulisema "Shikamoo Mwalimu" kabla sijavuta kiti. Basi marahaba, mwanangu. Nina jambo la kukiri kwako, na si dogo.

Nilikukosea siku ya mazishi yako. Nilikukosea kwa karatasi tatu nilizoziandika kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, na kuzisoma kwa sauti mbele ya jeneza lako. Tangu siku ile hadi juzi nimeishi kama mtu aliyeacha jiko likiwaka nyumbani na hawezi kurudi kulizima.

Uliniomba, nami nakumbuka. Ulisema, "Mwalimu, najua ni wewe utakayeandika wasifu wangu. Uwe mfupi. Nilizaliwa, nilicheza, nilifundisha, basi." Nikakujibu kwamba wasifu wa namna hiyo ni dharau kwa marehemu na kwa waombolezaji. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema, "Haya. Lakini usimalize kila kitu." Nilidhani ni unyenyekevu. Wewe ulikuwa mtu wa kujificha nyuma ya wachezaji wako wakishinda na kusimama mbele yao wakishindwa, nami niliona ni wajibu wangu kukutoa mafichoni angalau siku moja. Kwa hiyo nilimaliza kila kitu.

Nilieleza jinsi nilivyokufundisha Kiswahili ukiwa msichana mrefu wa kidato cha pili pale Shinyanga, unayekaa dawati la nyuma ili magoti yako yapate nafasi. Nilieleza miaka uliyocheza Dar es Salaam, na goti lililokatiza mambo. Nilieleza ulivyorudi kwetu Kahama na kukuta timu ya wasichana ya chuo chetu cha ualimu imekufa: pete moja imeanguka, nyingine imefungwa kamba ya kuanikia nguo, na uwanja umekuwa malisho ya mbuzi wa mlinzi. Nilisema kwamba ulianza na wasichana watano, wawili kati yao hawajawahi kushika mpira wa kikapu, na kwamba mwaka wa kwanza mlifungwa kila mchezo. Kila mchezo, Minza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika alama pale mezani, na nilikuwa naona aibu kwa kalamu yangu. Wewe ulikuwa ukija mwishoni, unainama juu ya karatasi, unasema, "Mwalimu, wewe hesabu faulo tu. Kuhesabu makosa ya watu ndiyo kazi uliyosomea."

Watu walicheka niliposoma hapo. Hata mama yako alitabasamu. Ningekoma hapo, barua hii isingekuwapo.

Sikukoma. Nilikuwa nimeandika aya moja zaidi niliyoiona bora kuliko zote, kwa sababu ilionyesha uongozi wako kwa tendo na si kwa sifa tupu. Niliisoma polepole: kwamba ulipoona uwanja unatuamisha maji kila masika, ulikwenda kusimama kwenye lango la mgodi wiki mbili mfululizo, ukafukuzwa na kurudi, ukafukuzwa na kurudi, hadi ukapewa kibali cha kuchukua magwangala, yale mawe yanayotupwa na mgodi, na kwamba mawe hayo yaliletwa kwa malori, yakashindiliwa na mikono ya wasichana wako, yakawekewa sakafu ya saruji ambayo timu inaichezea hadi leo.

Mtu wa pwani angeisikia aya hiyo kama habari ya kokoto. Mimi niliisoma Kishapu, mbele ya watu waliofika kwa mabasi kutoka Kahama na Geita, ambao wengi wao huishi kwa kuvunja mawe yaliyotupwa na migodi wakitafuta punje ya dhahabu iliyosahauliwa ndani yake. Niliona vichwa vikigeuka. Niliona watu wakinong'onezana. Nilidhani wameguswa.

Niliketi nikiwa nimeridhika. Nakuambia ukweli. Nilijipangusa jasho nikasema moyoni, Minza ametendewa haki.

Katika basi la kurudi, kijana aliyekaa nyuma yangu alianza kuongea kwa simu kabla hatujafika lami. "Oya, sikiliza. Magwangala! Malori kwa malori, kaka! Yako chini ya uwanja wa chuo, yamefunikwa saruji tu." Akanyamaza akimsikiliza wa upande wa pili. "Nani kasema? Mwalimu mwenyewe kasema, msibani, kwa maandishi. Yule mzee hajui kudanganya."

Hapo ndipo nilipokuelewa. Nilikumbuka yale malori yalivyokuja yamefunikwa turubai. Nilikumbuka ulivyowaambia wasichana, "Mkiulizwa, semeni ni mawe." Nilikumbuka "usimalize kila kitu". Nilitazama dirishani na sikuiona njia.

Siku ya tatu baada ya msiba walikuja vijana wawili na nyundo, alfajiri, wakaanza kubomoa ukingo wa uwanja nyuma ya goli la kusini. Nkwimba aliwakuta. Kapteni wako hakupiga kelele, alisimama juu ya lile jiwe walilokuwa wakilipiga, kwa raba zake, akasema, "Pigeni sasa." Wakaondoka, lakini na kipande mfukoni. Kesho yake walikuja saba. Keshokutwa yake hawakuja na nyundo bali na barua.

Barua ilikuwa ya Baba Doto, mkubwa wa kikundi cha wachimbaji wadogo pale Nyasubi. Unamfahamu, ndiye yule mwenye kofia ya kijani ambaye alikuwa akija kutazama michezo na kuwaita wasichana wako twiga. Aliomba kwa heshima kuuvunja uwanja, kuyachukua mawe, na badala yake kutujengea uwanja mpya wenye paa. Mkuu wa Chuo aliisoma mara mbili. Niliona macho yake yakirudi kwenye neno paa.

Nikamkumbusha jambo ambalo wewe ulilijua kuliko sisi sote. Mashindano ya vyuo vya kanda yana kanuni: chuo kikishindwa kuwapokea wageni mara mbili, kinafutwa. Tulikuwa tumekwisha kushindwa mara moja, wiki ya mazishi yako, kwa kuwa hakuna msichana aliyekubali kucheza. Uwanja ukivunjwa kabla ya mchezo wa mwisho wa nyumbani, tunafutwa. Na timu iliyofutwa chuoni kwetu huwa haifufuki yenyewe. Ilihitaji mtu kama wewe kuifufua mara ya kwanza, na mtu huyo tumemzika.

Mkuu alisema, "Mwalimu, uwanja ni jengo. Majengo huvunjwa, hujengwa."

Nikamwuliza, "Ahadi ya Baba Doto imeandikwa tarehe ya kumaliza?" Akaikunja barua, akasema ataitisha kikao pale pale uwanjani, Jumamosi, kila mtu aseme lake.

Siku zile Nkwimba hakunisalimu. Alinipita mara mbili kwenye korido ya maktaba, akiinamisha kichwa, bila shikamoo. Najua nilivyo, na wewe wanijua: mwanafunzi asiponisalimu humwita nikamwuliza kama ameamka vibaya. Sikumwita. Sikuwa na haki ya kudai salamu. Wasichana walikuwa wakifanya mazoezi asubuhi, mchana na jioni bila kocha, kana kwamba wanaogopa kuuacha uwanja ukiwa mtupu hata saa moja. Nilikuwa nikiwasikia kutoka ofisini: mpira, miguu, mpira, miguu. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Jumamosi ikafika. Baba Doto alikuja na watu wapatao thelathini, na nyuma yao nusu ya mtaa. Wasichana walikaa katikati ya uwanja wamevaa jezi, wametandaza miguu. Mkuu alikalia kiti. Mimi nilisimama, kwa sababu hakuna aliyeniletea kiti na sikuona kama nastahili.

"Mwangaluka, Mwalimu," akanisalimu Baba Doto kwa Kisukuma, akavua kofia.

"Mwangaluka," nikaitikia.

"Sisi hatukuja kwa ugomvi. Tumekuja kwa maneno yako. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Sasa hapa kuna watu wanasema mzee alikuwa na uchungu, alichanganya. Wengine wanasema mawe yalitoka kwenye machimbo ya kokoto ya kawaida. Mimi nimewakatalia. Nimewaambia, huyu mzee alimfelisha mdogo wangu kwa alama moja. Moja! Mama akaja kulia ofisini kwake, akampa mama maji ya kunywa na alama hakuongeza." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mtu wa namna hiyo hadanganyi. Sema tu hapa, mbele ya wote: yalitoka mgodini, au hayakutoka?"

Minza, nilikuwa na jibu mdomoni. Hayakutoka. Neno moja. Wangeniamini kwa sababu ile ile waliyoitaja. Wangerudi Nyasubi, na uwanja wako ungebaki salama. Niliwatazama wasichana. Nkwimba alikuwa ananikazia macho kwa mara ya kwanza tangu Kishapu, na macho yake yalikuwa yakiniomba nidanganye. Miaka arobaini nimewafundisha watoto wa watu kwamba ukweli hauchagui mahali. Nilijua kwamba nikisema lile neno, wasichana wale wangelishukuru na kulikumbuka maisha yao yote, nao ni walimu wa kesho.

Nikasema, "Yalitoka mgodini."

Kelele ilivyopanda! Nkwimba aliinamisha uso kwenye magoti. Mmoja wa wasichana alisema kwa sauti ya kusikika, "Mzee huyu atatumaliza." Sikumkemea.

Nilisubiri watulie. Nikasema, "Lakini mgodi haukuyatupa bila sababu. Mawe hayo yana kitu au hayana? Hamjapima. Mnataka kuvunja uwanja kwa aya moja ya wasifu."

"Mwalimu!" akaita mtu kutoka nyuma. "Sisi sote hapa tunakula kilichotupwa!"

"Basi pimeni. Hapa, mbele ya wote."

Wakakubali. Walichukua mawe pale pale kwenye ukingo uliokwisha kubomolewa, wakayatwanga kwenye kinu cha chuma hadi yakawa unga. Ikabaki nani auoshe unga huo kutafuta dhahabu. Kila aliyetajwa alikataliwa, huyu ni wa kikundi, huyu ni mdogo wa fulani. Mwishowe akasimama Mama Nkwimba, mama wa kapteni wako, aliyewasomesha watoto wanne kwa kuosha magwangala.

"Huyo ni mama wa mchezaji!" wakapiga kelele.

Akamgeukia Baba Doto huku akijifunga kanga. "Baba Doto, mwaka ule huna viatu, nani alikuwa anakuoshea mawe yako?"

"Ni wewe, mama."

"Nilikuibia?"

"Hukuniibia."

"Basi waambie watoto wako wanyamaze, niletewe maji."

Akachuchumaa na karai lake. Mimi nimeishi ukanda huu wa dhahabu miaka mingi, lakini sikuwahi kusimama karibu namna ile. Alizungusha, akamwaga, akaongeza maji, akazungusha. Unga ulikuwa ukipungua kidogo kidogo. Watu walikuwa wamejikusanya mpaka nikahisi pumzi zao shingoni. Akainamisha karai, akaligongagonga kwa vidole.

"Ipo," akasema.

Sijawahi kuchukia neno fupi kiasi kile. Watu walirusha kofia. Nkwimba alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti, "Mama!"

"Mama nini? Nimesema ipo kwa sababu ipo." Kisha akainuka, akalipeleka karai chini ya pua ya Baba Doto. "Haya, na wewe itazame. Unaiona? Toa miwani kama huioni. Hii hailipi hata maji niliyomwaga."

Baba Doto alitazama kwa muda mrefu. Ulikuwa uzi mwembamba, nami niliuona, mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Nilidhani yamekwisha. Sikuwajua wachimbaji. Alirudisha kofia kichwani akasema, "Huku ni ukingoni. Dhahabu haikai mlangoni, mama. Hukaa chumbani." Akanyoosha kidole mahali walipokaa wasichana.

Mkuu wa Chuo akakohoa. "Mwalimu, wewe ndiye mlezi wa timu," akasema. "Nitafuata ushauri wako." Hivyo akanikabidhi mzigo na kuegemea kiti.

Watu wote wakanigeukia. Sikuwa na ushauri. Nilikuwa nimekwisha kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake, na kazi hiyo haikutosha. Nikatafuta kichwani ungefanya nini wewe. Nikakumbuka ule mchezo wa Shinyanga mjini, zimebaki sekunde chache, mko nyuma kwa pointi moja, umeomba muda. Nilidhani utachora mchoro wako kwenye kile kibao. Ulimpa Nkwimba chaki. Ulimwambia, "Wewe ndiye uliye ndani. Unaona nini?" Baadaye nilikulaumu kwamba kiongozi hawezi kumwachia mtoto uamuzi kama ule. Ulinijibu, "Mwalimu, mimi niko nje ya mstari. Siwezi kuona wanachokiona."

Nikamgeukia Nkwimba. "Kapteni," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo kabla. "Unaona nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemtupia kitu asichokitegemea. Kisha akauokota mpira, akatembea akiudundisha, taratibu, mpaka kwenye pembe ya kaskazini, pale ambapo ulikuwa ukiwasimamisha wapigaji wako wa mbali. Akaukanyaga kwa mguu.

"Chimbeni hapa," akasema. "Nilikuwa mwaka wa kwanza yalipokuja malori. Nilibeba mawe haya. Lori la kwanza lilimwaga hapa, na la pili, na la tatu, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa na shimo la maji. Kwingine kote ni tabaka moja. Hapa ni kina cha mtu. Kama kuna chumba, Baba Doto, chumba ni hiki."

"Na tusipopata?"

"Mnachimba siku moja. Msipopata, mnafukia, mnashindilia, mnasakafia ninyi wenyewe, na hamrudi tena."

"Na tukipata?"

Minza, aliukaza mguu juu ya mpira. Niliona. "Mkipata," akasema, "nitakuja na sururu yangu tuvunje wote."

Wasichana wenzake walimkemea, mmoja akaanza kulia. Mimi nilitaka kusema hapana. Nilifungua mdomo. Nikaufunga, kwa sababu nilikuwa nje ya mstari.

Niliandika makubaliano pale pale juu ya meza ya alama, nikayasoma, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, na Baba Doto akatia sahihi. "Mwalimu," akasema, "hii karatasi yako ina nukta nyingi kuliko mawe."

Walichimba Jumanne. Nilikaa kwenye kiti changu cha mezani tangu jua kuchomoza, kofia kichwani, sikula. Kila nyundo iliyopiga saruji ile niliisikia hapa kifuani. Uliimwaga saruji ile mwenyewe, na goti lako bovu, ukiwafukuza wasichana wasiikanyage. Kufikia adhuhuri shimo lilikuwa linamfikia mtu kiunoni. Kufikia alasiri lilimmeza. Waliyapakia mawe kwenye lori dogo wakayapeleka kwenye karasha, mashine yao ya kusagia mawe, na wakasema jibu ni kesho. Nilibaki peke yangu na lile shimo. Nitakueleza nilichofanya, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeniona: nilipiga magoti ukingoni nikaomba mawe yawe hayana kitu. Mzee mzima, mlokole, niliomba umaskini.

Kesho yake Baba Doto alikuja peke yake, amepakiwa kwenye bodaboda, hana kofia. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, katika Kiswahili chenu kizuri, mtu aliyepata hasara na aibu siku moja mnamwambiaje?"

"Tunamwambia karibu kiti," nikamjibu.

Akaketi. Ilikuwa imepatikana kidogo, akasema, haikutosha hata kulipia mafuta ya karasha.  Kisha akasema, "Yule twiga wenu aliyetuonyesha pembe, alijua kwamba hakuna kitu?"

"Hakujua."

"Basi ana moyo wa mchimbaji," akasema, akanyanyuka kwenda kuwaita watu wake wafukie.

Walifukia siku hiyo hiyo, na kusakafia Alhamisi. Nilitaka kukuandikia barua hii jioni ile na kukuambia nimekomboa nilichokipoteza. Nilijizuia, kwa sababu mchezo ulikuwa Jumamosi, na saruji ya siku mbili si saruji.

Wageni wetu walitoka Shinyanga mjini. Mwamuzi aliukagua uwanja akiudundisha mpira kila mahali. Kwenye pembe ya kaskazini mpira ulitua kama mfuko wa unga. Aliudundisha tena. Akanitazama.  Akasema, "Kocha wa wageni akikubali, tutacheza. Asipokubali, sina la kufanya."

Nikaenda kwa kocha wa wageni. Nilimweleza kila kitu: saruji mbichi iko wapi, ni pana kiasi gani, mchezaji wake asikimbilie pale maana anaweza kuteguka. Nyuma yangu nikasikia wasichana wako wakigumia, "Mwalimu! Tena?" Na sauti ya Nkwimba ikisema, "Mwacheni. Ndivyo alivyo." Sijui kama lilikuwa tusi au msamaha. Nililipokea lote.

Kocha yule alifikiri. Alikuwa mama wa makamo, mwenye filimbi shingoni. Akauliza, "Huu ndio uwanja wa Minza?" Nikasema ndio. Akasema, "Tunacheza."

Tulishindwa, Minza. Sitakudanganya wewe nikiwa sikumdanganya Baba Doto. Robo ya mwisho tulikuwa sawa, na wasichana wako walikuwa wanajilinda kama ulivyowafundisha, miguu kwanza, mikono baadaye. Mpira ulimfikia Nkwimba kwenye ile pembe, sekunde za mwisho, hakuna aliyemkaba kwa sababu mimi niliwaambia wageni wapaogope. Aliruka. Raba yake ya kushoto ilizama kidogo kwenye saruji wakati wa kuruka, niliona kabisa, na mpira ukagonga pete ukatoka. Wageni wakaenda kufunga upande wa pili. Nikaandika alama mbili upande wao. 

"Kapteni!" akapiga kelele mmoja wa vijana wa Baba Doto, waliojaa ukutani wote siku hiyo. "Hapo tulikuchimbia kaburi!"

"Mlichimba vibaya," akamjibu huku anahema, "ndiyo maana sijaingia!"

Wakacheka ukuta mzima. Na yeye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ulipoondoka.

Mwamuzi alitia sahihi kwenye karatasi kwamba mchezo umefanyika na uwanja umekubaliwa. Niliisoma mara tatu. Hatukufutwa. Tuko wa pili kutoka mwisho, lakini tumo, na mwaka ujao jina la chuo litakuwa kwenye orodha. Hiki ndicho nilichonacho cha kukuletea.

Mama yako amenipigia simu akiomba nakala ya wasifu. Nimempelekea wote, karatasi tatu. Sikufuta ile aya. Ni kweli ulisimama kwenye lango lile wiki mbili, na wajukuu wa dada zako wana haki ya kulijua hilo. Lakini nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akawa amemsaliti aliyemwamini. Nisamehe. Siandiki neno hilo kwa desturi ya barua.

Mkuu wa Chuo amenitaka niisimamie timu hadi apatikane kocha. Nilimwambia sijui mchezo wenyewe, najua alama zake tu. Aliniambia wasichana ndio walioniomba. Sikuamini, nikaenda kumwuliza Nkwimba. Alinipa shikamoo, nikaitikia, na nikauliza kama ni kweli. Hakujibu swali. Alitazama miguu yangu, akasema, "Mwalimu, mazoezi ni Jumatatu saa kumi na mbili. Na hivyo viatu vya ngozi usije navyo, sakafu bado mbichi, utaichimba tena."

Kwa hiyo naahidi, Kocha. Sitawafundisha kurusha, maana sijui. Nitafika kabla yao na nitaondoka baada yao, na kila nikitaka kuamua kitu nitauliza kwanza aliye ndani anaona nini. Lala salama, Minza mwanangu. Kishapu wanasema mvua imeanza.

Nimenunua raba. Muuzaji pale sokoni Nyasubi aliniuliza kama ni za mjukuu. Nimezijaribu hapa chumbani, nimetembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Ni nyepesi mno, na zinanibana kidole kidogo cha mguu wa kulia. Jumatatu nitazivaa.

Mwalimu wako.